Walirudi, mfalme hakurudi

Leo naomba tuachane kidogo na siasa. Kuna jambo kwenye Injili ya Mathayo limenisumbua kichwa wiki nzima.

Wengi wetu tukifika kwenye ile orodha ya majina ya sura ya kwanza huwa tunairuka. Fulani akamzaa fulani, nani ana muda? Safari hii niliisoma yote. Mathayo anaigawa historia mafungu matatu ya vizazi 14: Ibrahimu hadi Daudi, Daudi hadi uhamisho wa Babeli, uhamisho hadi Kristo. Sasa jiulize, mbona kurudi hakumo?

Maana watu walirudi, jamani! Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka 539 KK, akawaruhusu Wayahudi warudi kujenga hekalu. Isaya 45 inamwita mpakwa mafuta, yaani masihi, ingawa alikuwa mgeni asiyemjua Mungu wa Israeli. Hekalu likakamilika mwaka 515 KK hivi. Habari kubwa namna hiyo, Mathayo kimya.

Nadhani jibu limo kwenye pete. Mfalme Yekonia alichukuliwa mateka mwaka 597 KK. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli vinataja mafuta aliyokuwa akipimiwa huko, yeye na wanawe. Katika Yeremia 22 Mungu anasema hata Yekonia angekuwa pete ya muhuri mkononi mwake, angeing'oa. Miaka mingi baadaye nabii Hagai anamwambia mjukuu wa Yekonia, Zerubabeli liwali wa Yuda, kwamba Mungu atamfanya kama pete ya muhuri. Umeona? Pete iliyong'olewa inarudishwa kidoleni.

Lakini Biblia haisemi popote kwamba Zerubabeli alitawazwa, wala haituambii aliishia wapi. Yuda ikabaki jimbo la Uajemi, inalipa kodi. Na katika Nehemia 9 watu wanasali wakijiita watumwa, nao wamo ndani ya nchi ya baba zao!

Kwa hiyo watu wako nyumbani, hekalu lipo, kiti cha Daudi kitupu. Kwa maoni yangu hapo ndipo kumngoja Masihi kulipochukua nguvu. Kama kila kitu kingekaa sawa mwaka 515 KK, nani angeendelea kungoja? Kwa Mathayo uhamisho ulikuwa haujaisha. Ndiyo maana anamsafirisha mtoto Yesu hadi Misri na kumrudisha, akitumia maneno ya Hosea 11 ambayo mwanzoni yalihusu taifa zima la Israeli. Mtoto mmoja anaibeba safari ya taifa lote.

Wayahudi wengi washika dini wanasoma manabii hao hao na bado wanangoja. Ukiitazama ile Nehemia 9, huwezi kuwashangaa.

Swali langu kwenu: mtu akirudishwa kwao lakini akakuta hana sauti juu ya ardhi yake, tuseme amerudi?