Muuguzi Kiongozi na Ukimya wa Zamu

Kujitambua kwa kiongozi kazini, kwa maana iliyokusudiwa katika tawasifu hii, ni kujua jinsi cheo, sauti na uso wake vinavyobadili yale ambayo walio chini yake wako tayari kumweleza. Mwandishi aliipata maana hiyo katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya wilaya nchini Tanzania, alikofanya kazi ya ukunga miaka mingi kabla ya kuteuliwa kuwa muuguzi kiongozi, ambaye watumishi humwita inchaji.

Katika wodi ya aina hiyo ukweli wa zamu hutunzwa kwenye patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu, ambayo Philpott na Castle waliiboresha mwaka 1972 huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kwa kuiwekea mstari wa tahadhari na, kwa umbali wa saa 4, mstari wa kuchukua hatua. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, na kufunguka kwa mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa 4, ili mama ambaye uchungu wake hausongi mbele ajulikane mapema. Hata hivyo, mkunga aliye peke yake usiku na kina mama kadhaa hawezi kuandika kila kitu kwa wakati, na ndiyo maana chati nyingine hujazwa mtoto akishazaliwa, zikawa safi, nukta zimepangika, na zisimfae mama yeyote.

Alipokuwa mkunga, mwandishi alizijua chati hizo, kwa kuwa wenzake walimwambia wakati wa kupokezana zamu bila kuulizwa. Baada ya uteuzi hakuambiwa tena. Swali la "Nani alikuwa zamu?", ambalo kati ya wakunga wawili lilitafuta maelezo tu, lilipotoka kwa inchaji lilisikika kama shtaka, ingawa muulizaji alijiona yuleyule. Wanasaikolojia wa Marekani Joseph Luft na Harrington Ingham, katika mchoro wao wa mwaka 1955 uitwao dirisha la Johari, walitenga sehemu ya upofu, yaani yale ambayo wengine wanayajua kuhusu mtu na mwenyewe hayajui; uzoefu wa wodini ulionyesha kwamba sehemu hiyo hupanuka kadiri cheo kinavyopanda, maana wanaoona ndio wenye sababu ya kunyamaza. Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ulioanza katika utumishi wa umma mwaka 2004, haukuliondoa tatizo hilo, kwani ndani yake msimamizi ndiye aliyempima mtumishi.

Mwandishi akaanza kuuliza habari za mama kabla ya habari za mkunga: "Mama anaendeleaje, na usiku mlielemewa saa ngapi?" Jibu alilisikiliza mpaka mwisho bila kushika kalamu, kwa sababu kalamu mkononi mwa inchaji ilichukuliwa kuwa mwanzo wa barua ya kujieleza. Taratibu zikaanza kuonekana patografu zenye mapengo, yaliyoachwa wazi kwa uaminifu, mengi yakiangukia saa zilezile za kabla ya alfajiri, na ni chati hizo alizozibeba kwenda kwa muuguzi mkuu wa hospitali kuomba mkunga wa pili wa zamu ya usiku.