Minova: jile mbili kwa watu watatu

Mama mmoja mhami anayeishi Minova, teritware ya Kalehe, alikuwa na pesa ya kununua jile mbili tu za kuokoa maisha. Wasafiri walikuwa watatu: yeye, mvulana wake wa miaka tisa na binti wa miaka minne, waende kwa mjomba wao Goma. Barabara haikupitika kwa sababu ya vita. Njia iliyobaki ni ziwa.

Na ziwa anaogopa. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiangalia kutoka pembeni. Makumi walikufa. Hata leo boti nyingine zina jile, lakini zimefungwa chini ya magunia, ambapo hakuna mkono utakaozifikia.

Sokoni mwuzaji alimwambia achukue mbili za watu wazima, watoto watakua. Mzee mmoja mvuvi wa sambaza, aliyekuwa akishona wavu karibu, alikataa.

"Mama, jile kubwa humwacha mtoto. Maji yanaipandisha, yeye anatokea chini."

Alimwonyesha: mvalishe mtoto palepale, funga kamba zote, kisha inua jile kwa mabega. Ikipanda mpaka masikioni, iache. Halafu kuna zile zilizojazwa sponji ya godoro, ambayo hunywa maji. Walizifunga mawe zote mbili, wakazizamisha, mzee akaendelea na wavu wake. Baadaye moja ilitoka nzito kama nguo ya kufua. Mwuzaji alinung'unika, lakini akatoa nyingine.

Jile zote mbili zikawa za watoto. Kwa mama, mzee alifunga bidoni mbili tupu za lita tano, vifuniko vimekazwa, kamba ikipita kifuani chini ya makwapa. Hakumficha kitu: bidoni haigeuzi uso wa mtu aliyezimia. Ni ya mwenye nguvu ya kushika.

Pesa iliyobaki ilinunua filimbi tatu. Sauti ya mtu hufa haraka kwenye upepo na mlio wa mota, lakini filimbi hata mtoto aliyechoka kulia anaweza kuipuliza. Kila moja ilifungwa kwenye nguo ya mwenyewe kwa kamba fupi, si ndani ya mfuko.

Mama alipotaja tochi, mzee alicheka. Usiku Kivu imejaa taa za wavuvi. Mwanga uliotulia, kila mtu atafikiri unavua. Tochi iwashwe na kuzimwa, tena na tena: mara tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi. Mchana, kipande cha kioo kinachorudisha jua. Na zile fataki za mwanga za baharini? Hapa kwetu, anayeiona ikipanda angani atalala chini akifikiri ni risasi, hatakuja kuokoa.

Simu iliingia katika plastiki mbili, ikaning'inia kifuani. Kaka yake alipewa jina la boti, saa ya kuondoka, na saa ya kuanza kuuliza kama hawajafika.

Kupanda boti, kijana wa mizigo alimwuliza: "Mama, unatutakia mabaya?" Watu wakacheka bidoni zake.

"Cheka tu, mwanangu, lakini nipishe nikae kando. Chini ya magunia sikai."

Katikati ya safari upepo ulivuma, mawimbi yakapiga ubavu, maji yakaingia. Kicheko kiliisha. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisogea, akauliza kama anaweza kushika kamba. Mama alifungua bidoni moja, akampa.

Kituku kaka alikuwa amesimama majini mpaka magotini, simu mkononi. Yule mwanamke alirudisha bidoni, akauliza filimbi zinauzwa upande gani wa soko la Minova.