Goti Langu na Sindano ya Milioni Tatu

Mama mwenzangu, nina miaka ishirini na miwili katika kazi ya uuguzi, kwa hiyo naona aibu kukusimulia jambo hili. Lakini nitakusimulia.

Niliteleza nikishuka daladala, mkononi nimebeba mfuko wa sare za kwaya. Goti la kulia lilipinda, na usiku ule ule likavimba. Daktari wa mifupa aliniambia kipande kidogo cha gegedu kimemeguka. Gegedu ni lile tabaka laini, jeupe, linalofunika ncha za mifupa ili isisagane. Ukitafuna mwisho wa mfupa wa kuku umekwisha kulionja. Halina mishipa ya damu. Ukijikata kidole, damu huleta vya kuponyea kidonda. Gegedu halipati msaada huo, ndiyo maana jeraha lake ni gumu kupona. Daktari akanipa mazoezi na kunishauri nipunguze uzito. Nilitoka pale nimenuna. Nilitaka dawa.

Dada mmoja wa kwaya, naye mgonjwa wa magoti, akaniletea kijikaratasi. Zahanati moja ya binafsi ilitangaza sindano tatu za seli shina kwa shilingi milioni tatu: gegedu litaota upya, bila upasuaji. Habari za seli shina nilikuwa nimezisikia. Ni seli changa ambazo bado hazijapata kazi maalumu mwilini. Hupatikana katika uboho wa mifupa, katika mafuta ya mwili na katika damu ya kitovu cha mtoto mchanga, na katika maabara zinaweza kugeuzwa kuwa seli za gegedu. Si uzushi. Korea ya Kusini iliruhusu mwaka 2012 dawa ya goti iliyotengenezwa kwa seli za damu ya kitovu. Lakini ile huwekwa na daktari mpasuaji, ndani ya jeraha la gegedu lenyewe, wala si sindano ya dakika tano. Mimi nilishika neno Korea, mengine nikayaacha yapite. Nilikuwa silali usiku.

Fedha sikuwa nazo, ila akiba ya Neema ya kuingilia kidato cha tano. Nikatoa laki tano za kianzio bila kumwambia baba yake.

Siku ya sindano nililala kitandani, goti limekwisha kusafishwa, nikamwona kijana akivuta dawa kutoka kichupa. Mazoea ya kazi yakaniamsha. Nikasema, "Mwanangu, naomba nisome lebo."

"Mama, hii imetoka nje, imeandikwa Kiingereza."

"Kiingereza nakisoma."

Alisita, kisha akanipa. Hapakuwa na jina la dawa, wala namba ya toleo, wala tarehe ya kuisha. Tena kichupa kilitoka kwenye kabati la kawaida karibu na dirisha! Seli hai hugandishwa katika baridi kali mno, na zikitolewa humo hazidumu siku nyingi. Nikavaa viatu vyangu. Kianzio hakikurudi. Taarifa niliipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya.

Ndipo nikasoma nilichopaswa kusoma mwanzo. Mwaka 2018 huko Marekani watu 12 walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa dawa za damu ya kitovu zisizoidhinishwa, kwenye viungo au uti wa mgongo. Mwaka 2023, huko huko, ulitolewa utafiti wa watu zaidi ya 470 wenye magoti yaliyochakaa. Wengine walichomwa seli, wengine sindano ya kawaida ya steroidi. Baada ya mwaka mzima, waliopata seli hawakuwa na nafuu kuwashinda wenzao. Kweli, hayo yalikuwa magoti yaliyochakaa, si yaliyomeguka kama langu, na utafiti unaendelea. Lakini kwenye kijikaratasi kile hapakuwa na utafiti wowote.

Nilimwambia Baba Neema baada ya chakula cha jioni. Alinyamaza muda mrefu. "Laki tano sitazisahau kesho," akasema. "Ila Mama Neema, uliumwa kiasi hicho, mbona hukuniambia?" Hilo liliniuma kuliko goti.

Sasa kila jioni hukaa kwenye kiti, nimefunga nusu kilo ya chumvi kifundoni, ninainua mguu naye anahesabu. Huwa ananipunja, nikifika kumi na tano anasema kumi na mbili. Nimepungua kilo sita, na kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Ngazi za kanisani bado nazipanda nikishika ukuta.

Yule dada alikuwa amekwisha kuchomwa mbili, kwa mkopo wa kikundi. Nilikwenda kwake Jumamosi nikamweleza yote. Akaniuliza, "Wewe unajua kusoma lebo. Mimi je, ningejuaje?" Sikuwa na jibu. Jumatatu nilimsindikiza kwa daktari wa mifupa, tukapanga foleni pamoja.