Kimya cha Kompyuta Si Habari Njema

Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limo ndani ya kompyuta, nalo pia laweza kupotea bila habari. Ndiyo maana, dada zangu, nimependa kuwaeleza jambo dogo tulifanyalo hapa Timbwani: kompyuta ya chama chetu hutuandikia barua pepe kila alfajiri, kutujulisha kama nakala ya akiba ya usiku imehifadhiwa au la.

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama mtaani kwetu. Katika kompyuta ile mna michango ya kila wiki na mikopo isiyo na riba. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na kuliwekea mashahidi. Na katika sharia, deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Basi hesabu zile ni haki za wajane na mayatima, na kwetu sisi ni amana.

Hewa ya bahari hapa Likoni ina chumvi inayokula vyuma, na umeme hukatika ukarudi kwa kishindo. Kwa hivyo tunaweka nakala mbili: moja katika diski ya nje iliyo papo hapo, na ya pili huvuka Kilindini kwa njia ya mtandao, ikakaa katika kompyuta ya ndugu yangu kisiwani. Programu huifanya kazi hiyo saa nane za usiku, watu wamelala. Hapo ndipo penye hatari, kwani kazi isiyoonwa na mtu huweza kukoma pasi na mtu kujua.

Hata mabingwa yamewafika. Tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi wa kampuni ya GitLab, inayowahifadhia watengenezaji programu kazi zao, alifuta hifadhidata kwa bahati mbaya. Walipokimbilia nakala za akiba walikuta ghala tupu: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisiloafikiana na hifadhidata yao, ikawa inashindwa. Barua pepe za kutoa taarifa zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Wao wakadhani kimya kile ni salama. Iliyowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla ya tukio. Yaliyoandikwa baada yake yakapotea.

Kwa sababu hiyo hatukuitaka kompyuta ituandikie inaposhindwa tu. Tuliitaka iandike kila siku, kwa kheri na kwa shari, ili barua isipokuja, kutokuja kwake kuwe ndiyo habari.

Mpwa wangu ndiye aliyetutengenezea. Aliifungulia kompyuta anwani yake yenyewe ya barua pepe. Kwa kuwa tangu tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuzikubalia programu kuingia kwa nenosiri la kawaida pekee, aliwasha uthibitisho wa hatua mbili, kisha akaipa programu nenosiri lake maalumu lenye herufi 16. Barua yenyewe ni fupi: tarehe, idadi ya faili, ukubwa wa nakala, na neno SALAMA au IMESHINDWA juu kabisa. Haina jina la mwanachama wala kiasi cha fedha zake, maana kusitiri nako ni katika amana. Huja kwangu na kwa mweka hazina, ili mmoja akiugua au akisafiri, mwengine awepo.

Shaabani iliyopita, asubuhi moja barua haikuja. Mweka hazina, ambaye ni mtu mzima kwangu, alinipigia simu: "Mwanangu, leo ile mashine haijatutolea salamu." Tukakuta diski ya nje imeharibika na programu imekwama nayo. Tukanunua nyengine. Haukupita mwezi, umeme ukarudi kwa nguvu ukaiunguza kompyuta.

Katika Ramadhani akafariki mmoja wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wanawe walipokuja kuuliza, tuliifungua nakala tukawasomea akiba yake na salio la deni lake hadi shilingi ya mwisho. Waliondoka bila shaka wala nung'uniko.

Limebaki moja. Barua husema nakala imewekwa. Haisemi kwamba inasomeka. Kila mwezi tunaifungua nakala na kulinganisha kurasa chache na stakabadhi za mkono.

Nawe dada, ikiwa una chama, duka au madrasa, muulize anayekutunzia kompyuta: nakala ya jana usiku iko wapi, na ni nani aliyekuambia kwamba ipo?

Wabillahi tawfiq.