"Mbao nzuri" tuliyoafikiana na fundi

Siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, kamati ya msikiti wetu hapa Tanga iliniagiza nitafute fundi seremala wa kututengenezea mlango mkuu, kwani ule wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa. Sikuhangaika. Mtaani tunaye mzee anayeswali safu ya kwanza, na vitanda vingi tunavyolalia ni kazi ya mikono yake. Tulizungumza barazani baada ya swala ya Alasiri: mlango wa mbao nzuri, shilingi 900,000, nusu itangulie. Nikamhesabia fedha, akasema inshaallah, tukapeana mikono. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa, kwa kuwa niliona haya kumwandikisha mzee aliyenifundisha Juzuu ya Amma.

Mlango ulipoletwa, maneno yakaanza. Sisi tulitazamia mninga. Yeye alileta mkongo, uliokauka vyema na kuchongwa kwa ustadi, lakini si mninga. Kitasa hakikuwamo, na kazi ya kupachika aliihesabu kando. "Mwanangu," akaniuliza, "mlisema mbao nzuri. Kwani hii mbovu?" Sikuwa na jibu. Kabla ya Ijumaa kufika, ilikwisha kuvuma kuwa fundi amekula fedha za msikiti, naye akaacha kuja kuswali nasi.

Katika kikao, mjumbe mmoja alisema kuwa hatukuandikiana, kwa hiyo hakuna mkataba, na fundi arudishe kianzio. Wengi waliafiki. Nilijua kuwa hilo si sahihi. Katika fiqhi tuliyosomeshwa chuoni, nguzo za mauziano ni wenye kuafikiana, kitu na thamani yake, na tamko, yaani ijabu na kabuli. Karatasi haimo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo katika kifungu cha 10 hutazama hiari ya pande zote, ustahiki wao, kile ambacho kila upande unamtolea mwenzake, na uhalali wa jambo lenyewe. Maandishi huwa ya lazima pale tu sheria nyingine inapoyataka, kama katika kuuziana ardhi. Anayenunua mchicha asubuhi au kupanda daladala amekwisha kufunga mkataba, ingawa neno hilo halikumpitia kinywani.

Kwa hiyo hatukuwa na haki ya kudai kianzio kwa hoja ya karatasi. Swali zito zaidi lilikuwa hili: tuliafikiana juu ya kitu gani? Ridhaa ni watu wawili kukubali kitu kimoja kwa maana moja, na sisi tulikuwa na milango miwili vichwani mwetu. Mtume (SAW) alikataza biashara ya gharari. Wanazuoni wa Kihanafi wanaoruhusu kuagiza kitu kitengenezwe, nasi Mashafi tunaolirudisha jambo hilo kwenye salam na sharti lake la kulipa thamani yote palepale kikaoni, sote twataka kitu kitajwe jinsi yake, sifa zake na kipimo chake. Mke wangu alilisema kwa ufupi zaidi: "Kanzu ya mtoto tunaipimisha kwa futi, na mlango wa nyumba ya Mwenyezi Mungu mkaupima kwa macho?"

Usiku ule nilirejea aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo yahusu kuandika deni. Wanazuoni wengi wameiona amri ile kuwa ni ya kupendekezwa, na kwa uvivu wangu nilikuwa nimetosheka hapo. Safari hii nilitua kwenye jambo moja: anayetakiwa kumtajia mwandishi maneno ni yule mwenye kudaiwa. Anayedai hunyamaza akasikiliza.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee pamoja na wajumbe wawili wawe mashahidi. Nilimwomba radhi kwanza, kwa sababu neno "nzuri" lilitoka kinywani mwangu. Kisha kila upande ukataja deni lake: sisi, shilingi 450,000 zilizobaki pamoja na ujira wa kupachika, yeye, kitasa na siku ya kuja. Niliandika kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo anazosoma bila kusaidiwa. Akaishika karatasi mbali na macho, akaisoma hadi mwisho, kisha akanirudishia.

"Umeandika mbao tu," akasema. "Taja mti."

Nikaandika mkongo.

Mlango upo, na hadi leo haujalegea. Mzee alirudi msikitini Ijumaa ya pili, akaswali safu ya tatu, karibu na ukuta. Aliyevumisha kuwa amekula fedha bado hajamfuata kumtaka radhi, na katika kikao kijacho nimeliweka jambo hilo la kwanza kwenye ajenda.