Fishi yenye nafasi tupu

Wahami wengi wa vita kutoka Rutshuru na Masisi walifika Kanyaruchinya, karibu na Goma, mikono mitupu. Kadi zilibaki nyumbani. Februari 2023, CENI ilipoanza kuandikisha wachaguzi Kivu Kaskazini, swali likazuka: asiye na karatasi atajaza nini kwenye fishi?

Sheria inakubali mashahidi watatu. Ila wanapaswa kuwa wameandikishwa kwenye kituo kile kile, na wawe wamekaa eneo lake miaka 5. Aliyefika juzi kambini atawatoa wapi, na majirani zake wote ni wahami kama yeye?

Halafu mwaka wa kuzaliwa. Mama mzee akisema «sijui», ajenti mwenye haraka ataandika tu mwaka anaoukisia. Ajenti mwema huuliza: Mobutu alipochukua nchi, 1965, ulikuwa mgongoni ao ulikuwa tayari unateka maji? Nchi ilipoitwa Zaire, 1971, ulikuwa umeolewa? Dakika tatu zinatosha, hata foleni ikinung'unika.

Uchaguzi wenyewe wa Desemba 2023 haukufanyika Masisi wala Rutshuru. Lakini huku kadi ya mchaguzi ndiyo kitambulisho: inaombwa kwenye barieri, inaombwa benki. Jina la baba likikosewa, ao kijiji cha asili, mwenye kadi ndiye atakayejieleza mbele ya askari.

Kwa hiyo asiyejua kusoma asione haya. Kabla kadi haijachapwa, amwambie ajenti: nisomee kwa sauti jina langu, la baba, la mama, na kijiji.