Tezi, Omo na Ngama

Kwa miaka 33 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Singida na Dodoma, na kwa muda huo wote bahari ilikuwa, kwangu na kwa wanafunzi wangu, jambo la kitabuni. Si ajabu. Lugha yetu ilikulia pwani, kisha ikapanda bara pamoja na misafara, shule na magazeti, ikiwa imebeba shehena yake yote ya majini. Sisi wa bara tuliipokea shehena hiyo na kuitumia bila kuifungua. Twasema mambo yamekwenda mrama, ilhali chombo kinachokwenda mrama hatujapata kukiona kikilalia ubavu huu na ubavu huu. Twasema kiongozi ameshika usukani, na mtoto wa leo hufikiria basi la abiria. Hakuna ubaya katika hilo. Ndivyo lugha zinavyosafiri. Lakini ziko methali ambazo, ukizitenga na maji, hubaki na nusu ya maana yake. Nataka kuzieleza tatu, jinsi nilivyozikuta zikiwa kazini Pangani.

Mwezi wa Juni uliopita, shule zilipofungwa, mimi na mke wangu tulifuatana na binti yetu wa kwanza na wajukuu wawili kwenda huko. Safari haikuwa ya matembezi pekee. Dada wa mke wangu, ambaye umri wake umepita miaka 70, anaishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa nahodha wa jahazi. Ndugu walikuwa wameafikiana kwamba umefika wakati wa kumhamishia Dodoma, awe karibu na watu wake. Mimi, kwa kuwa ni shemeji na ni mwalimu, nikatwishwa kazi ya kumshawishi.

Pangani iko takriban kilomita 50 kusini ya Tanga, pale Mto Pangani unapoingia katika Bahari ya Hindi baada ya kukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru. Mji wenyewe umekaa ukingo wa kaskazini. Ng'ambo ni Bweni, na pantoni huvusha watu, pikipiki na magunia ya nazi. Barabara hupita katikati ya minazi na mashamba ya mkonge. Ukiingia mjini utakuta majumba ya kale yenye milango ya nakshi, mengine yakiwa yamebakia kuta tu, na wazee barazani wasio na haraka ya jambo lolote.

Ukimya huo usimdanganye mpenzi wa ushairi. Hapa ndipo mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipotaka kupandisha bendera yake na watu wakakataa, wakiongozwa na Bushiri bin Salim, ambaye alinyongwa hapahapa Desemba 1889. Vita hivyo ndivyo alivyovitungia Hemedi bin Abdallah el-Buhriy *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*. Shaaban Robert naye, aliyeanza ukarani wa forodha mwaka 1926, alipata kuhudumu katika mji huu. Niliwaambia wajukuu zangu kwamba mtungaji waliyemsoma darasani aliyaona maji haya kila siku alipokwenda kazini. Wakayatazama upya, walau kwa dakika chache.

Methali ya kwanza ilitujia jioni ileile tuliyofika. Mjukuu wangu wa kiume, mwenye miaka 10, alitaka kujua tutakwenda pwani saa ngapi. Bibi yake akamjibu, “Maji yakipwa, mjukuu wangu.” Mtoto akaitazama saa yake ya mkononi kana kwamba jibu limo humo.

Katika madarasa ya Dodoma, *maji yakijaa hupwa* nilikuwa nikiifafanua kwa bwawa la Hombolo: hujaa masika, hupungua kiangazi, basi na wewe mwenye cheo, usijivune. Mfano huo unatosha kuonya. Ila bwawa likipungua, watu huhuzunika. Bahari ikipwa, watu hutoka kwenda kazini. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kati ya leo na kesho, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa mbali sana; katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, yasiyokwenda mbali. Asubuhi ya pili tuliwaona akina mama wakifuata maji yanayorudi, wameshika vijiti, wakichokoa pweza mwambani. Walikuwa wakicheka na kuitana. Kupwa kwao ndiko kufunguliwa kwa ghala.

Nikamwuliza shemeji methali hiyo yeye huitumia wakati gani. Akasema, “Kwa mfiwa.” Sikuwa nimeisikia ikitumiwa hivyo. Kwake maji ni huzuni: imejaa leo, itapwa, nawe utaona tena mahali pa kukanyaga. Maneno ni yaleyale tunayomwonya nayo mwenye majivuno, lakini hapa yanamshika mkono aliyeanguka.

Siku ya tatu mpwa wa marehemu, ambaye ni mvuvi, alitupeleka kisiwa cha Maziwe. Neno “kisiwa” linahitaji subira, kwa sababu pale pana fungu la mchanga tu linaloonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Zamani palikuwa na miti ya mivinje. Miti ilikufa, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kikawa kimezama. Kasa bado hupanda pale kutaga, kwa ukumbusho wao wenyewe, na mayai inabidi yahamishiwe bara yasije yakafunikwa na maji. Wajukuu walisimama juu ya nchi ambayo baada ya saa chache isingekuwapo, na kwa mara ya kwanza katika safari ile wakanyamaza wote wawili.

Tuliporudi upepo wa kusi ulikuwa ukivuma. Mvuvi yule alikuwa na boti ya mashine, lakini mbele yetu ilikuwapo ngalawa ya tanga iliyokuwa ikihangaika. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka 14, akaikumbuka methali ya darasani: *dau la mnyonge haliendi joshi*. Maana yake aliijua kama inavyojibiwa katika mtihani, kwamba mtu dhaifu hawezi kufanikiwa. Mvuvi akacheka, akapunguza mwendo wa mashine ili asikike.

“Mwanangu, upepo ukiwa nyuma yako, hata ukitundika kanga utafika. Joshi ni kwenda kule upepo unakotoka. Huwezi kwenda moja kwa moja. Unakwenda upande huu, unageuza, unakwenda upande huu. Kwa hiyo tanga liwe zima, kamba zishike, mlingoti usilie. Mnyonge anayajua yote hayo sawasawa na tajiri. Asichokuwa nacho ni kitambaa.”

*Asichokuwa nacho ni kitambaa.* Nimesoma fafanuzi nyingi za methali hiyo, na nyingi humlaumu mnyonge. Mtu aliyekulia baharini haoni lawama humo. Anaona tanga bovu, na anajua kwamba ujuzi wa nahodha hauzibi tundu la tanga. Walimu wenzangu mnaofundisha watoto wa maskini, naomba mlizingatie hilo, maana mtoto akiambiwa kwamba unyonge ni tabia yake ataamini.

Usiku huo, baada ya wali wa nazi na mchuzi wa changu, nilitimiza kazi niliyotumwa. Nilizungumza kwa utaratibu kama nitoavyo somo. Nikaeleza kwamba hospitali ni karibu na kwetu, chumba chake kimekwisha kutengenezwa, na kwamba mdogo wake hulala na simu kando ya mto kwa kuogopa habari mbaya. Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Shemeji, nimekusikia, na Mungu awalipe. Lakini mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.”

Kwa jinsi nilivyoizoea methali hiyo, nilidhani ameniunga mkono: mtu akizunguka sana, mwisho hurudi kwa jamaa zake. Yeye akawageukia watoto, akawauliza kama wanaijua ngama. Hawakuijua. Akawaeleza kwamba tezi ni nyuma ya chombo, anakokaa mshika usukani. Omo ni mbele, kunakoonekana bandari mpya. Na ngama ni chini kabisa, ndani, kunakokusanyika maji yanayopenya mbaoni. Baharia atakwenda tezi, atakwenda omo, lakini lazima arudi ngamani kukumba maji, la sivyo chombo kitazama na tezi yake na omo yake.

“Babu yenu,” akasema, “alikwenda Unguja, Mombasa, Lamu. Mimi ndiye niliyekaa ngamani. Niliwalea watoto wake humu, nikamuuguza humu, nikamzika kutoka mlango huu. Nikiondoka leo, nani atakumba maji?”

Mimi niliijua ngama kama mahali pa kurudia. Yeye aliijua kama mahali penye kazi. Tofauti hiyo ilitosha kuyavunja maelezo yangu yote ya hospitali na chumba. Mke wangu ndiye aliyepata la kusema: “Dada, basi njoo hata kwa mwezi mmoja.” Naye akajibu, “Kusi hii ipite, demani iishe. Kaskazi ikianza nitakuja kuwaona.” Mjukuu wa kiume akauliza kaskazi ni tarehe ngapi. Bibi yake akamwambia, “Haina tarehe. Utaona vyombo vimegeuka.”

Tuliondoka bila yeye. Tumekubaliana na ndugu wa marehemu kwamba mke wa mvuvi yule awe analala naye, nasi tumetuma fedha za kuezeka upya upande unaovuja. Binti yangu hakuridhika na hadi leo hajaridhika, na ana haki, kwa sababu mapenzi yake ni ya kweli na hofu yake ni ya kweli. Mimi namwambia hivi: tungemleta Dodoma angesema Kiswahili kila siku na kila mtu angemwelewa. Lakini angemwambia nani kwamba maji yamekuwa mafu? Angelitazama wapi geuko la vyombo? Miaka yake yote ameyahesabu kwa pepo na mwezi. Tungemnyang'anya kalenda yake kwa nia njema kabisa.

Kwenu malenga nina ombi dogo. Nimesoma mashairi mengi mazuri ya vijana yanayoita kusi na kaskazi katika ubeti mmoja kana kwamba ni pepo mbili zivumazo siku moja, na mengine yanayomweka omo au joshi mwishoni mwa mshororo kwa kuwa kina kimemtaka. Vina vina haki zake. Hata hivyo, kabla neno halijapangwa katika mizani, ni vyema kumwuliza mtu anayelitumia kupata riziki linafanya kazi gani. Wapo bado, Pangani, Kipumbwi, Tongoni na kwingineko katika Mrima, wala hawadai malipo kwa kueleza. Wenye asili ya bara wanayo hazina kama hiyo katika mifugo, ufinyanzi na kilimo, na Kiswahili kina nafasi ya kuipokea.

Mjukuu wangu wa kike alirudi na daftari lenye maneno 41, na kila Jumapili humpigia bibi yake simu kuongeza mengine. Wiki iliyopita aliniuliza kama katika kamusi yangu demani imeandikwa kuwa ni majira au ni kamba ya tanga, maana bibi amempa zote mbili. Tuliifungua pamoja. Zimo zote mbili.